Mfamasia ana mamlaka gani juu ya dawa za baba?

"Shikamoo mtaalamu. Nipo Tanga mjini, Chumbageni. Baba yangu ana miaka 71, ni mwanajeshi mstaafu. Mwezi wa pili tulimkimbiza Dar es Salaam baada ya mapigo ya moyo kwenda ovyo. Alianzia hospitali ya jeshi, wakampa rufaa kwenda hospitali ya chuo kikuu, akalazwa huko. Kila asubuhi madaktari walipita na kundi la wanafunzi, na mmoja wao alikuwa mfamasia. Huyo mfamasia ndiye aliyesema digoksini ipunguzwe iwe nusu, na diklofenaki aliyokuwa anameza kwa ajili ya magoti iachwe kabisa. Baba alichukia, anasema muuza dawa hawezi kumpangia daktari. Warfarini walimpa vidonge vya pinki, kimoja kila jioni. Tuliporudi kliniki hospitali ya jeshi, mfamasia wa pale akatoa vya rangi nyingine, kama chungwa lililopauka, akasema ni dawa ile ile. Baba akaona anachezewa. Sasa vimekwisha. Nimenunua famasi ya hapa mjini, nashukuru nimepata vile vya pinki. Magoti nayo yamemrudia na ameanza tena diklofenaki. Anasema warfarini ni sumu ya panya, na kwamba wenzake walimwambia dawa iliyopita muda haina shida kwa sababu hata jeshi la Marekani linazitumia. Naomba unieleze, mfamasia ana mamlaka gani hasa? Mbona hospitali hizi mbili zinafanya kazi tofauti? Na sisi wa Tanga tufanyeje, maana kwenda Dar kila mwezi hatuwezi."

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa kuuguza. Maswali yako ni ya haki na nitayajibu yote, lakini kuna mambo mawili ambayo hayangoji.

La kwanza, chukua boksi la hivyo vidonge vya pinki ulivyonunua, usome miligramu zilizoandikwa. Rangi ya warfarini, hii dawa ya kuzuia damu kuganda, hubadilika kufuata utaratibu wa nchi anaoutumia mtengenezaji. Kwa utaratibu wa Uingereza, kidonge cha pinki ni miligramu 5, cha buluu ni 3, cha kahawia ni 1. Kwa utaratibu wa Marekani, pinki ni miligramu 1, na miligramu 5 ndiyo hiyo rangi ya chungwa lililopauka uliyoitaja. Kwa hiyo inaelekea hospitali zote mbili zilimpa baba yako miligramu 5, ila kwa rangi mbili. Hivi vya dukani siwezi kuvisemea bila kuona boksi. Vikiwa ni vya miligramu 1, mzee anameza moja ya tano ya dozi yake, na kinga dhidi ya kiharusi hana. Ukikuta hivyo, usimpe vitano kwa kukadiria mwenyewe. Mpeleke hospitali leo apimwe damu, wao waamue aanzie wapi.

La pili, diklofenaki iachwe leo, hata kama analalamika. Na kama mzee anapata choo cheusi ti cha kunata, mkojo mwekundu, damu puani au kwenye fizi isiyokoma, maumivu makali ya kichwa yaliyoanza ghafla, au ameanguka akagonga kichwa hata kama anaonekana mzima, acha kusoma, mpeleke hospitali ya Bombo sasa hivi na dawa zake zote mkononi. Vivyo hivyo mdomo ukipinda, mkono au mguu mmoja ukiishiwa nguvu, au maneno yakimtoka ovyo.

Kama hayo yote hayapo, tuendelee taratibu.

Hasira ya mzee naielewa. Watu wa rika lake walizoea mfamasia wa dirishani. Unapitisha cheti, unapitishiwa bahasha ndogo imeandikwa 1 x 3, unakwenda zako. Kazi iliyofanyika nyuma ya dirisha hakuna aliyeiona, ndiyo maana jina lililobaki ni "muuza dawa". Huyo mliyemkuta wodini amesoma shahada ya miaka minne, akafanya mwaka mmoja wa mafunzo kazini chini ya usimamizi, ndipo Baraza la Famasi likamsajili. Miaka ile ambayo daktari anaitumia zaidi kujifunza ugonjwa, mfamasia anaitumia kujifunza dawa yenyewe: inaingiaje mwilini, ini linaivunjaje, figo zinaitoaje, na inagombana na dawa gani nyingine. Ni elimu mbili zinazohitajiana kwa mgonjwa mmoja.

Sasa mamlaka. Mfamasia hana ruhusa ya kuchukua cheti cha daktari akabadilisha dawa au dozi kwa uamuzi wake peke yake. Anachoweza, tena anachowajibika kufanya, ni kuizuia dawa isitoke mpaka apate jibu la aliyeiandika pale anapoona hatari. Anaweza pia kutoa dawa ile ile, ya nguvu ile ile, kutoka kwa mtengenezaji mwingine. Katika raundi ya wodi, mfamasia husema mbele ya wote: mgonjwa huyu anameza warfarini na diklofenaki kwa pamoja, na figo zake zimechoka, napendekeza hivi. Daktari akikubali, daktari ndiye anayeandika upya kwenye faili na kusaini. Alichokisikia mzee kama amri kilikuwa pendekezo, na daktari wake aliliafiki. Mara nyingi kosa letu ni kutomgeukia mgonjwa tukamweleza yeye, tukabaki tunazungumza sisi kwa sisi juu ya kitanda chake. Mtu mzima aliyeongoza vijana jeshini, akijadiliwa namna hiyo, lazima achukie.

Utaratibu huo wa mfamasia kutoka dirishani na kuingia wodini una historia, na ilianzia kwenye hospitali ya chuo kikuu. Mwaka 1966, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha California kule San Francisco, wafamasia walihamishiwa ghorofa ya tisa kwenye wodi za upasuaji, wakawa zamu usiku na mchana karibu na wagonjwa na madaktari. Kabla ya hapo walikuwa wakitayarisha dawa mbali na kitanda na kuzituma juu. Mtindo huo ulisambaa kwa sababu ulionekana kufaa, na leo katika hospitali za kufundishia, hapa kwetu pia, mfamasia kupita na madaktari ni jambo la kawaida. Wale wanafunzi waliomchosha mzee ndio sababu nyingine ya raundi kuwa ndefu. Mwanafunzi anaulizwa kwa nini dawa hii, kwa nini dozi hii, na lazima ajibu. Inachosha, nakiri, hasa kwa mgonjwa anayesubiri chai. Lakini dawa iliyoulizwa "kwa nini" na watu sita ni salama kuliko ile ambayo hakuna aliyeiuliza.

Nikuonyeshe jinsi digoksini, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, inavyoweza kufikia nusu, maana hapo kazi yetu inaonekana vizuri. Digoksini hutolewa mwilini kwa sehemu kubwa na figo. Mtu mwenye figo nzima hupunguza nusu ya digoksini aliyonayo kwa muda wa takriban siku moja na nusu hadi mbili. Figo zikichoka muda huo hurefuka, na kila kidonge cha leo kinakuta mabaki mengi ya jana na juzi. Tatizo ni kwamba kipimo cha kreatinini, taka ambayo figo huitoa kwenye damu, peke yake hudanganya kwa wazee, kwa sababu kreatinini hutoka kwenye misuli, na mzee misuli imepungua. Kwa hiyo, ili kukadiria figo zinasafisha damu kiasi gani kwa dakika, tunatumia hesabu ya Cockcroft na Gault, iliyochapishwa mwaka 1976. Unachukua 140, unatoa umri, unazidisha kwa kilo za uzito, kisha unagawanya kwa 72 iliyozidishwa na kreatinini. Kwa mwanamke unapunguza jibu kwa asilimia 15.

Sina majibu ya maabara ya baba yako, kwa hiyo tuchukue mfano. Mwanamume wa miaka 71, kilo 60, kreatinini miligramu 1.4 kwa desilita. 140 kutoa 71 ni 69. Mara 60 ni 4,140. Chini, 72 mara 1.4 ni 100.8. Jibu ni mililita 41 kwa dakika. Sasa mweke kijana wa miaka 30 mwenye kilo zile zile na kreatinini ile ile: jibu ni karibu 65. Karatasi ya maabara inasoma namba moja kwa wote wawili, ila figo za mzee zinafanya chini ya theluthi mbili ya kazi ya figo za kijana. Mzee wa namna hiyo ukimpa digoksini ya miligramu 0.25 kila siku, baada ya wiki kadhaa anaanza kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, moyo kwenda polepole mno, pengine kuona vitu na rangi ya manjano. Nyumbani watasema uzee. Mfamasia anaipiga hesabu hii kwa dakika moja pembeni ya kitanda, na dalili hizo hazifiki. Kwa hiyo, ile nusu msiirudishe kuwa nzima. Na kama baba yako ana dalili hizo hata sasa, zitaje mtakapofika hospitali.

Twende kwenye warfarini. Mapigo yanapokwenda ovyo kwa namna ya baba yako, chumba cha juu cha moyo hakikamui damu vizuri, damu inatuama pembeni, inaganda, na bonge dogo linaweza kusafiri hadi kwenye ubongo. Hicho ndicho kiharusi tunachokizuia. Kwa wagonjwa wa aina hii, warfarini ikitumiwa vizuri hupunguza hatari hiyo kwa takriban theluthi mbili. Ni faida kubwa kuliko ya dawa nyingi tunazozithamini.

Namna inavyofanya kazi ndiyo inayowachanganya watu. Ini hutengeneza protini za kugandisha damu kwa msaada wa vitamini K. Warfarini inauzuia mwili kuitumia tena vitamini hiyo, kwa hiyo protini mpya zinatoka pungufu. Lakini zile za zamani bado zipo kwenye damu. Ni kama kufunga bomba linalojaza tangi: maji yaliyomo ndani yatatumika siku kadhaa kabla tangi halijashuka. Mojawapo ya protini hizo inachukua siku mbili na nusu hadi tatu kupungua nusu. Ndiyo maana dozi uliyobadilisha leo utaiona kikamilifu kwenye damu baada ya siku tano hadi saba. Mtu akisahau kidonge leo, akameza viwili kesho, akaacha keshokutwa, anakuwa anavuruga matokeo ya wiki ijayo.

Tunaipima kwa INR, namba inayoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda. Mtu asiyetumia dawa hii ana karibu 1. Kwa baba yako, kama tatizo ni mapigo tu na hana vali ya moyo ya bandia, lengo la kawaida ni kati ya 2 na 3. Chini ya 2 kinga ni dhaifu, na kadiri inavyopanda juu ya 3 hatari ya kutoka damu inaongezeka. Nafasi ni finyu hivyo, na vitu vya kawaida kabisa vinaweza kumtoa humo. Metronidazoli, hiyo Flagyl ambayo watu hununua tumbo likisokota, huizuia ini kuivunja warfarini na INR hupaa. Septrini vivyo hivyo. Flukonazoli ya fangasi vivyo hivyo. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, huimaliza warfarini haraka na kumwacha mgonjwa bila kinga. Mfamasia anapouliza "unatumia dawa gani nyingine?" hana udaku. Anatafuta majina hayo.

Diklofenaki kwa kiasi kikubwa inadhuru kwa njia nyingine. Inauondoa utando unaolilinda tumbo na inazipunguzia nguvu chembe sahani, zile za kwanza kuziba mahali panapovuja. Kidonda kidogo cha tumbo, ambacho kwa mtu mwingine kingekuwa kiungulia, kwa mtu wa warfarini kinaweza kuwa damu ya kutosha kumuua. Juu ya hayo inazibana figo, zile zile tulizozihesabu. Ibuprofeni na wenzake ni ukoo mmoja nayo, na aspirini pia hapaswi kuimeza bila daktari wake wa moyo kumwandikia. Mfamasia aliyependekeza iachwe alikuwa sahihi kabisa, na ningefanya hivyo hivyo.

Kuhusu chakula, watu wengi huambiwa waache mboga za majani. Hapana. Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K nyingi, na tatizo huja pale mtu anapokaa wiki mbili bila mboga kisha anakula kisamvu cha nazi siku nne mfululizo. Ale kama alivyozoea, kiasi kisiyumbe. Unga wa mlonge, vitunguu saumu vya kumeza kama dawa na mizizi ya kuchemsha asianze wala asiache bila kusema kliniki.

Sumu ya panya sasa. Mzee hajadanganywa, ila ameambiwa nusu. Warfarini iliingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya kweli, baada ya watafiti wa Wisconsin nchini Marekani kuchunguza ng'ombe waliokuwa wakifa kwa kutokwa damu kwa kula majani yaliyooza. Mwaka 1954 iliruhusiwa kwa binadamu. Mwaka uliofuata, Rais Dwight Eisenhower, yule jenerali wa vita vya pili vya dunia, alipatwa na mshtuko wa moyo akiwa Colorado, akalazwa hospitali ya jeshi ya Fitzsimons, na miongoni mwa dawa alizopewa ni warfarini. Akarudi kazini, akagombea tena, na akaishi mpaka 1969. Mweleze mzee habari hiyo. Tofauti ya sumu na dawa hapa ni dozi na kipimo cha INR, ndiyo maana tunasumbua watu na vipimo.

Hospitali ya jeshi ina namna yake, na hapo ndipo baba yako alipoona tofauti. Mfamasia wa jeshi ni askari mwenye cheo. Kwa mgonjwa wa kliniki, awe askari au raia, kazi yake ni ile ile ya mfamasia yeyote, na hospitali zetu za jeshi kama Lugalo zinatibu raia pia. Lakini ana kazi ya pili isiyoonekana. Wanajeshi wetu wamekwenda kulinda amani Darfur, Lebanon, Kongo na Afrika ya Kati. Kikosi kikiondoka, lazima mtu akae apige hesabu: watu wangapi, miezi mingapi, dawa gani ya kuzuia malaria, dripu kiasi gani, mofini kiasi gani na nani atashika ufunguo wake, joto la huko likoje, na kipi kitakaa bila friji. Kusahau kitu hapo hakurekebishwi kwa kutuma mtu duka la pili. Marekani walilijua hilo kiasi kwamba mwaka 1943, katikati ya vita, walianzisha kwa sheria Kikosi cha Famasi ndani ya jeshi lao, kwa sababu dawa zilikuwa zikigawiwa na askari waliopata mafunzo ya miezi michache tu.

Anayezoea kazi hiyo hutazama jina halisi la dawa, miligramu na tarehe ya kuisha muda. Rangi na boksi havimshughulishi, kwa sababu zabuni ikibadilika, mtengenezaji naye hubadilika. Alipomwambia baba yako "ni ile ile", alikuwa mkweli. Alichopunguza ni maelezo. Angekishika kidonge, akamwonyesha namba iliyochongwa juu yake, kisha akamwonyesha boksi la zamani, yangeisha pale pale. Safari nyingine mzee aombe aonyeshwe, ni haki yake. Kwa hiyo huyu wa chuo kikuu anachimba dozi ya mgonjwa mmoja mbele ya wanafunzi, na huyu wa jeshi anahakikisha dawa sahihi ipo, imetunzwa na inatoka kwa hesabu. Baba yako amepata faida ya wote wawili.

Hilo la dawa zilizopita muda lina ukweli uliopindishwa. Wizara ya Ulinzi ya Marekani, pamoja na mamlaka yao ya dawa, ilianza mwaka 1986 mpango wa kupima akiba ya dawa za jeshi ili isitupwe bure. Taarifa iliyotolewa mwaka 2006 ilionyesha kwamba kati ya matoleo 3,005 (yaani mafungu ya dawa yaliyotengenezwa kwa pamoja) yaliyopimwa, asilimia 88 yaliongezewa muda, kwa wastani wa miezi 66. Lakini dawa hizo zilikuwa kwenye vifungashio vyake vya kiwandani ambavyo havijafunguliwa, kwenye stoo zenye joto linalodhibitiwa, na kila toleo lilipimwa maabara kabla ya kuruhusiwa. Kopo lililofunguliwa, linalokaa juu ya kabati Chumbageni kwenye unyevu wa bahari, halina maabara inayolisimamia. Na warfarini, kwa nafasi ile finyu niliyoieleza, ni dawa ya mwisho ya kubahatisha nayo. Ikipita muda, irudishe famasi.

Sasa mfanye nini mkiwa Tanga? Kwenda Dar kila mwezi si lazima kama mambo yakipangwa. Anzeni Bombo, ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, kwenye kliniki ya magonjwa ya ndani. Nendeni na karatasi za kuruhusiwa kutoka hospitali zote mbili, dawa zote zikiwa kwenye maboksi yake, hata ile diklofenaki. Ombeni vipimo vya INR na kreatinini. Ulizeni kabisa kama maabara inapima INR siku hiyo, na kama vitendanishi vimekwisha waulizeni ni maabara gani nyingine mjini inayopima, msikubali kuondoka bila jibu. Dirishani mnaweza kukuta mteknolojia wa dawa, ambaye ni mtaalamu na anaijua kazi yake. Mwambieni kwa adabu kwamba mzee anatumia warfarini na mngependa kuonana na mfamasia. Neno hilo moja, warfarini, litamfanya mfamasia yeyote atoke nje kuja kuwaona.

Mwanzoni INR hupimwa mara kwa mara, hata kila wiki. Ikitulia, kila wiki nne zinatosha, na kwa aliyetulia sana daktari anaweza kurefusha hadi wiki 12. Vipimo vinaweza kufanyika hapo Tanga, majibu yakafika kwa kliniki ya Dar kwa simu, na safari ikabaki kwa ukaguzi mkubwa wa moyo. Hilo liombeni waziwazi. Kwa ununuzi, duka la dawa muhimu lina orodha yake finyu na warfarini si mzigo wake. Tafuteni famasi moja yenye mfamasia, mshikamane nayo, wawajue.

Mtasikia pia kuna dawa mpya zisizohitaji INR, kama rivaroksabani na apiksabani. Ni nzuri kweli, na kwa wazee wengi wenye tatizo hili ndizo ningezitaka kwanza. Lakini bei yake ni kubwa, lazima muulize bima inalipia nini. Dozi yake hutegemea figo, na ukikosa kununua kwa siku mbili kinga imekwisha. Kisha hazifai kwa mwenye vali ya chuma wala mwenye vali iliyobanwa sana na ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi, ugonjwa ambao kwetu bado upo. Ulizeni: vali za mzee zikoje kwenye kile kipimo cha eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti? Jibu hilo ndilo litakaloamua.

Nunua daftari, na mwachie mzee alijaze mwenyewe: jina la dawa, miligramu, saa, nani ameandika, tarehe ya INR na namba yake. Ana miaka 71, si mtoto, na daftari likiwa lake atalisimamia. Wewe lipige picha kwenye simu kila lijazwapo.

Mwisho ni magoti, maana maumivu ni ya kweli na tusipoyatibu atarudi kwenye diklofenaki kwa siri. Parasetamoli ndiyo ya kuanzia, na daktari wa Bombo ampangie kiwango. Akiitumia kila siku kwa wiki nzima, waambie wanaopima INR, kwa sababu nayo ikizidi huipandisha. Omba apewe rufaa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, na kuanzia sasa akiwa amekaa kwenye kiti anyooshe mguu mmoja mbele, auhesabu mpaka tano, aushushe, mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Mafuta ya kuchua yenye dawa za ukoo wa diklofenaki yasitumike bila kuuliza, kwani sehemu yake huingia kwenye damu. Na goti likivimba ghafla likawa la moto, msilikande wala kulichua. Kwa mtu wa warfarini huenda damu imevuja ndani ya kiungo, na hapo ni hospitali siku hiyo hiyo.